Mng'aro machoni, kisha kichwa kuuma: nile nini, niache nini?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 34. Tangu mwaka jana hunitokea jambo la kutisha. Nikiwa nasoma au naandika ubaoni, herufi za katikati zinapotea, kisha hujitokeza mstari wa kumetameta wenye kona kona kama meno ya msumeno. Unapanuka polepole mpaka unafika ukingoni na kutoweka. Huchukua kama dakika 20. Baadaye kichwa kinauma upande mmoja, mwanga unaniudhi na mara nyingine natapika. Nilipimwa nikapewa miwani, hali haikubadilika. Jirani anasema ni husuda. Mwenzangu kazini ananiambia niache mayai, machungwa, karanga, chokoleti na maziwa. Nakunywa kahawa, natumia vidonge vya majira, na Ramadhani nafunga. Nifanyeje kwenye chakula na maisha yangu ili nisipofuke?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Naanzia kwenye neno lako la mwisho, maana nahisi ndilo linalokukosesha usingizi. Kwa jinsi ulivyoeleza, hupofuki. Hiki ni kipandauso chenye dalili za macho, na kwa kawaida chanzo chake hakimo ndani ya jicho. Kimo kisogoni, kwenye sehemu ya ubongo inayopokea picha kutoka macho yote mawili. Ndiyo sababu miwani haikufua dafu.

Mwaka 1941 mtafiti wa Marekani, Karl Lashley, ambaye mwenyewe alikuwa akipatwa na hali hii, alichora jinsi doa lake la kumetameta lilivyokuwa likisogea dakika baada ya dakika. Akapiga hesabu, akaona kuna kitu kinachotembea juu ya gamba la ubongo wake kwa mwendo wa milimita 3 hivi kwa dakika. Mwaka 1944 Mbrazili Aristides Leão alichapisha alichokiona kwenye ubongo wa sungura: seli zinachangamka kwa ghafla kisha zinanyamaza, na hali hiyo inaenea taratibu kwa mwendo unaokaribiana na ule wa Lashley. Hicho ndicho unachokiona ukiwa mbele ya ubao. Seli zinapochangamka unaona mng'aro, zinaponyamaza nyuma yake herufi zinapotea, na zikishapumzika macho yanarudi kama yalivyokuwa. Dakika 20 zako ni za kawaida kabisa. Kwa wengi huwa kati ya 5 na 60.

Hata hivyo nataka unisaidie kuhakikisha. Mng'aro ukianza tena, ziba jicho la kulia kwa kiganja, utazame ukuta mweupe. Kisha ziba la kushoto. Ukiuona kwa kila jicho likiwa peke yake, mambo yako ubongoni kama nilivyosema. Watu wengi husema "jicho langu la kulia lina shida" kumbe ni upande wa kulia wa macho yote mawili, na hilo hulijui mpaka uzibe. Lakini ikiwa ni jicho moja tu linaloona hivyo, au jicho moja linaingia giza, hapo habari ni nyingine. Nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, pale hospitali ya Bombo au popote ulipo karibu napo, achunguze retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na mishipa yake ya damu.

Yapo mengine yasiyosubiri. Giza linalokuja kwa mpigo badala ya kutambaa taratibu; uso kupinda, mkono au mguu kulegea, ulimi kuwa mzito; mng'aro uliopita saa moja na bado upo; kichwa kilichouma kwa ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa maishani; vijidoa vingi vyeusi vinavyoelea ghafla pamoja na kitu kama pazia pembeni. Na kwa mwanamke mjamzito aliyepita wiki ya 20, maumivu ya kichwa pamoja na vimulimuli machoni yachukuliwe kuwa ni presha ya mimba mpaka ipimwe na kuonekana siyo. Hata aliyewahi kuwa na kipandauso asijiambie "ni kile kile changu". Aliyepita miaka 50 na ndiyo kwanza anayaona mambo haya pia achunguzwe, asijitibu kwa kusoma jibu hili.

Jirani yako anayetaja husuda anakuonea huruma, nami sina ugomvi na dua. Omba, lakini na presha upimwe.

Sasa, hukuniuliza kuhusu vidonge vya majira, ulivitaja tu kwa kupita. Kwangu mimi ndilo jambo zito kuliko yote kwenye barua yako, kuliko hata chakula. Chukua pakiti usome. Ukiona jina etinilestradioli, ambayo ni aina ya homoni ya estrojeni, pamoja na homoni nyingine, hivyo ni vidonge vya homoni mbili, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mwanamke mwenye kipandauso cha namna yako asivitumie, awe na umri wowote. Sababu ni kiharusi. Kipandauso chenye dalili za macho peke yake huongeza hatari ya kiharusi karibu maradufu. Kwa mwanamke wa umri wako hatari yenyewe ni ndogo sana, hivyo maradufu yake bado ni ndogo, lakini ukiongeza estrojeni inapanda, na ukiongeza sigara inapanda zaidi. Nenda kliniki ya uzazi wa mpango wiki hii. Waambie kwa maneno haya: "Nina kipandauso chenye mng'aro wa macho." Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa. Kijiti, sindano na vidonge vya homoni moja havina estrojeni na kwa kawaida vinaruhusiwa. Hadi upate njia nyingine, tumia kondomu, usije ukakwepa hili ukaangukia mimba usiyoipanga.

Tuje kwenye chakula. Orodha ya mwenzako kazini naifahamu, inazunguka kila mahali, na huwa inakua: leo mayai, kesho nyanya, keshokutwa vitunguu. Nimewaona akina mama waliokonda na kuishiwa damu kwa orodha kama hizo, na kipandauso bado kiko palepale. Chukua chokoleti, inayolaumiwa kuliko vyote. Watafiti wamewapa wagonjwa chokoleti ya kweli na ya kuigiza bila wenyewe kujua ipi ni ipi, na tofauti ya kuaminika haikuonekana. Lawama inatoka wapi basi? Kipandauso huanza saa nyingi kabla ya mng'aro, hata siku nzima. Mtu anapiga miayo, shingo inakaza, anakuwa na hasira za haraka, na anatamani kitu kitamu. Anakula chokoleti, kesho yake kichwa kinauma, anailaumu chokoleti. Kumbe hamu yenyewe ilikuwa tayari ni sehemu ya ugonjwa.

Sisemi hakuna chakula kinachochokoza. Pombe, hasa mvinyo mwekundu, ina sifa mbaya kwa haki. Soseji na nyama nyingine zilizohifadhiwa kwa naitraiti huwasumbua baadhi ya watu, na wengine husumbuliwa na jibini iliyokaa muda mrefu. Sioni kama hivyo ndivyo vinavyojaza sahani yako. Mayai, machungwa na karanga endelea navyo, isipokuwa daftari lako likithibitisha vinginevyo, na daftari nitalielezea.

Kinachochokoza kwa nguvu kuliko chakula chochote ni kutokula. Hebu fikiria siku yako. Unaamka saa kumi na moja alfajiri, unawaandaa watoto, unatoka nyumbani na kikombe cha kahawa tumboni. Chai ya shule ni saa nne, na ikiwa kuna kikao au zamu inasogea. Chakula cha mchana unakipata saa tisa ukirudi. Sikujui, lakini walimu niliowahudumia wengi wanaishi hivyo, na wengi wanaumwa kati ya saa tano na saa nane. Ubongo wenye kipandauso hauvumilii mabadiliko: sukari kushuka, usingizi kupungua au kuzidi, maji kukauka, kahawa kuongezeka leo na kukosekana kesho. Ushauri wangu wote uliobaki unatoka hapo. Usihangaike kutafuta chakula kimoja chenye hatia. Linganisha saa zako.

Kula kabla hujatoka, hata kidogo, ila kiwe kitu cha kukaa: yai la kuchemsha na kiazi kitamu, uji wa dona au ulezi uliotiwa karanga, maharage yaliyobaki jana na kipande cha mkate. Chai ya rangi yenye sukari nyingi na andazi huipandisha sukari ya damu upesi, na kwa wengi njaa inarudi kabla ya saa nne. Weka korosho au njugu kwenye mkoba kwa siku ambazo chai inachelewa. Ukiwa macho, usipitishe muda wa saa nne bila kutia kitu mdomoni, kwa miezi mitatu, halafu uniambie.

Maji nayo. Walimu wengi wa kike wamenieleza kwa aibu kwamba hawanywi maji kazini kwa sababu vyoo vya shule havifai. Si jambo la kuonea aibu, ni jambo la kupeleka kwenye kikao cha walimu, na wakati mnasubiri litatuliwe, kunywa glasi mbili kabla ya kutoka, chupa ndogo wakati wa chai, na glasi mbili ukifika nyumbani. Joto la Tanga linakausha mwili bila kutangaza.

Kahawa sikukatazi. Uchunguzi mmoja wa mwaka 2019 uliofanyika Marekani kwa watu wazima 98 wenye kipandauso ulionyesha kwamba siku waliyokunywa vinywaji vitatu au zaidi vyenye kafeini, uwezekano wa kuumwa siku hiyo uliongezeka. Kwa kimoja au viwili haikuonekana hivyo. Basi kiwe kimoja au viwili, kwa saa zilezile, Jumapili kama Jumatatu. Hesabu pia chai ya rangi iliyokolea, soda aina ya kola na vinywaji vya kuongeza nguvu. Dawa nyingine za maumivu pia zina kafeini ndani yake, kwa hiyo soma pakiti.

Hilo linanifikisha Ramadhani, na hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo wasomaji wengi wa pwani wanapoumia na kudhani ni lazima iwe hivyo. Siku za mwanzo za mfungo zina mabadiliko manne kwa mpigo: njaa, kiu, usingizi uliokatwa na kahawa iliyokoma. Mtu aliyezoea kafeini akiikosa, maumivu ya kichwa huanza baada ya saa 12 hadi 24 na yanaweza kuendelea siku kadhaa. Ndiyo maana wengi wanaumwa vibaya siku ya kwanza na ya pili, kisha wanatulia. Dawa yake inaanza mwezi wa Shaabani. Wiki mbili kabla, punguza nusu kikombe kila baada ya siku tatu nne mpaka ubaki na kikombe kidogo kimoja, na hicho ukihamishie alfajiri. Siku ya kwanza ya mfungo ikifika, mwili hautashtuka.

Daku usiliache, na usilile saa sita usiku ili ulale moja kwa moja. Licheleweshe karibu na alfajiri, kama ilivyo sunna, na liwe na maharage au kunde, samaki au yai, na wali au ugali wa dona, mboga ya majani, na maji ya kutosha. Vitu vya chumvi nyingi vikae mbali saa hiyo. Jioni fungua kwa tende na maji, swali, kisha urudi mezani taratibu. Najua sinia linavyokuwa: kaimati, sambusa, tambi, mihogo ya nazi, uji wa pilipili manga. Anza na uji na mihogo. Kaimati zilizolowa shira ziwe za mwisho na ziwe mbili, si sahani. Glasi moja ya maji kila baada ya saa moja hadi ulale ni bora kuliko jagi moja kwa mpigo. Usingizi uliokatwa na tarawehe na daku ulipe kwa kulala nusu saa adhuhuri.

Ukifanya yote hayo na bado kichwa kinakuangusha kila siku mbili tatu, mpaka unatapika, huo ni ugonjwa, na Suratul Baqara aya ya 184 inamruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine. Mwone daktari, kisha umwone sheikh wako ukiwa na maelezo ya daktari mkononi.

Kuhusu vyakula vya kuongeza nina habari njema kwa mtu wa pwani. Mwaka 2021 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha jaribio la wiki 16 lililofanyika North Carolina, Marekani, kwa watu 182 wanaoumwa mara kwa mara. Kundi moja liliongezewa mafuta ya samaki ya omega 3 kupitia chakula, si vidonge, kiasi cha gramu 1.5 kwa siku. Kundi la pili liliongezewa hayohayo na kupunguziwa asidi ya linoleiki, iliyojaa kwenye mafuta mengi ya kupikia ya mimea. La tatu lilibaki na chakula cha kawaida. Kundi la kwanza lilipunguza siku za kuumwa kwa takriban 2 kwa mwezi likilinganishwa na la tatu, na la pili kwa takriban 4. Niseme ukweli wote: kipimo kingine cha jinsi maumivu yanavyomwathiri mtu maishani hakikuonyesha tofauti ya uhakika, na hao walikuwa wakiumwa mara nyingi, pengine kuliko wewe. Bado, ni chakula ambacho ungekula hata bila kipandauso. Vibua, jodari na dagaa wana mafuta haya. Ila ukimzamisha kibua kwenye mafuta ya alizeti, ambayo ya aina ya kawaida zaidi ya nusu yake ni asidi ileile ya linoleiki, unaongeza kile kile kilichopunguzwa kwenye jaribio. Mpike chukuchuku na ndimu na bilingani, au mpake nazi na umchome.

Magnesiamu ina ushahidi wa wastani kwamba hupunguza mashambulizi. Kwenye chakula iko kwenye mbegu za maboga, korosho, maharage, mchicha, mtama, uwele na unga usiokobolewa. Sembe nyeupe imepoteza nyingi. Vidonge vyake vya miligramu 400 kwa siku vinaweza kujaribiwa kwa miezi mitatu, kwa ruhusa ya daktari. Vinaweza kukuharisha, na mwenye ugonjwa wa figo asiviguse. Vitamini B2 ya miligramu 400 iko kwenye daraja lilelile la ushahidi na hugeuza mkojo kuwa wa njano kali, usiogope. Mizizi na poda zinazouzwa mitandaoni kwa ahadi ya kumaliza kipandauso kabisa, hifadhi pesa zako.

Usingizi: lala na amka saa zilezile, na Jumamosi usijilipe kwa kulala hadi saa nne asubuhi. Wengi huumwa mapumzikoni kwa sababu hiyo, na kwa sababu mwili umeachia ghafla baada ya wiki ngumu. Mazoezi: kule Sweden, mwaka 2011, watafiti walilinganisha mazoezi ya dakika 40 mara tatu kwa wiki na dawa ya kinga iitwayo topirameti, na matokeo hayakutofautiana kwa namna ya kuonekana. Kutembea kwa haraka jioni kunatosha, anza kidogokidogo. Mwanga: taa ya mrija inayopepesa unaposahihisha madaftari usiku ibadilishwe leo, na juani vaa kofia pana au miwani ya jua. Usiivae ndani ya nyumba, kwani macho yakizoea giza yanazidi kuuchukia mwanga.

Daftari sasa. Mistari mitano tu kila siku ya kuumwa: mng'aro ulianza na kwisha saa ngapi, ulilala na kuamka saa ngapi, mlo wa mwisho ulikuwa saa ngapi, hedhi iko wapi, ulimeza dawa gani. Chakula unachokishuku kiandike pia, na siku uliyokila bila kuumwa iandike vilevile, la sivyo unakusanya ushahidi wa upande mmoja. Kikijirudia mara tatu kati ya nne, kiache mwezi mmoja, kisha kirudishe uone.

Mng'aro ukianza ukiwa darasani, mkabidhi kiranja darasa na ukae kivulini. Ukiwa unaendesha, egesha mpaka upite wote. Ukiwa nyuma ya bodaboda, shuka. Kunywa maji, tafuna kitu. Kichwa kikianza kuuma usingoje kizidi: ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula kidogo, au ukiwa na vidonda vya tumbo, paracetamoli gramu 1. Tangawizi kwenye maji ya moto inasaidia kichefuchefu. Lakini dawa za maumivu zisizidi siku mbili kwa wiki. Anayezimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zile zenye mchanganyiko wa dawa zaidi ya moja siku 10, dawa zenyewe huanza kumletea maumivu ya kichwa, na nimeona watu wakiongeza diklofenaki kila siku kutibu kile ambacho diklofenaki imekileta.

Mashambulizi yakifika manne kwa mwezi, au hata mawili yanayokulaza kitandani, nenda na daftari lako hospitali uombe dawa ya kinga. Zipo za bei nafuu, kama amitriptilini na propranololi. Kama una pumu mwambie daktari kabla hajaandika, kwa sababu propranololi haimfai mwenye pumu.